Picha ya Kisu na Kicheko



Nimewasikia wakubwa wetu wakisema kwamba picha za kuchinjana hazimfai mwanafunzi, na ya kuwa sinema ya pili siku zote ni makapi ya ile ya kwanza. Naomba nafasi niwapinge kidogo.

Likizo iliyopita, katika kibanda kimoja cha video hapa Koboko, tulitazama Scream 2. Ilitolewa Marekani mwaka 1997, mwaka mmoja tu baada ya ile ya kwanza. Mwongozaji ni Wes Craven, na hadithi ni ya Kevin Williamson. Mwuaji huvaa kinyago cheupe chenye mdomo wazi, hupiga simu kwanza, kisha huja na kisu. Lakini kuna fumbo pia, la kumjua aliye nyuma ya kinyago, na kuna mzaha: wanafunzi wa chuo wanabishana darasani kama sinema ya pili imepata kuishinda ya kwanza, nao wenyewe wamo ndani ya sinema ya pili! Mimi naona imeishinda, hasa kwa mwanzo wake.

Watu wamejaa katika jumba la sinema kutazama picha ya mauaji yale ya kwanza. Wamegawiwa vinyago na visu vya mchezo, wanapiga kelele. Kijana na mpenzi wake, Wamarekani weusi, wamo humo. Msichana amekuja akinung'unika kwamba picha za namna hii hazina nafasi kwa watu weusi. Kijana anauawa chooni. Msichana anachomwa kisu kitini pake, na umati unashangilia, ukidhani ni maonyesho. Anapanda mbele ya kitambaa cha sinema, anapiga ukelele, anaanguka. Hapo ndipo wanaponyamaza.

Sasa, nchini Uganda picha za kigeni husimuliwa na VJ, anayesema juu ya sauti ya picha, mara nyingi kwa Kiganda. Kazi hiyo naipenda. VJ Jingo na VJ Junior wanajulikana sana, ingawa huku kwetu wengi husikia Kikakwa, Kinubi na Kiswahili kuliko Kiganda. (Wakenya wanaye DJ Afro, anayesimulia kwa Kiswahili, nawaonea wivu.) Lakini msimulizi wa siku ile hakuuacha ule ukimya. Msichana alipoanguka, yeye alitupa mzaha, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Tukawa sisi ndio ule umati, ila wao angalau walinyamaza.

Mimi nami nilicheka. Jirani yangu, mwanafunzi mwenzetu aliyevuka mpaka kutoka Sudani Kusini mwaka 2016, aliinuka akatoka. Nilimfuata. Hakusema kitu, tulinunua chapati tukaenda zetu. Nikamkumbuka babu yangu, aliyekimbilia Zaire mwaka 1980 kama watu wengi wa West Nile: kisu kikionekana kwenye televisheni, huondoka polepole, akisema anakwenda kutazama mbuzi.

Kwa hiyo wakubwa wetu wasizikataze picha hizi. Wamkataze msimulizi kusema pale mwenye picha aliponyamaza. Tena yule wetu alikuwa ameahidi mapema kutuambia mwuaji ni nani, na hilo nalo sijamsamehe.

Mwenzangu, ambaye hakuuona mwisho, aliniuliza juzi mwuaji ni nani. Niliazima picha kwa jamaa, nikaitazama peke yangu hadi mwisho, nikamwambia. Ninyi wasomaji siwaambii.