Fimbo Yenye Kasoro na Haki ya Mnunuzi
Mtu aishiye Sydenham, mtaa wa vilimani mjini Durban, ambako hewa ya Bahari ya Hindi hujaa unyevu kama ijaavyo Tanga na Mombasa, anaponunua fimbo ya mchezo wa pool kwa bei nafuu, ana haki ya kuarifiwa bayana kwa nini bei ile imeshuka. Ubao wa mti wa mepo (maple) haugeuki fimbo kwa siku moja: hukaushwa taratibu, ukachongwa kidogo kidogo kwa awamu nyingi, na baina ya awamu na awamu ukaachwa utulie, ili ule wenye tabia ya kupinda udhihirike mapema na kutengwa, na kiwanda kifupishacho muda huo hakipunguzi gharama, bali huihamishia kwa mteja. Kasoro, hata hivyo, si za namna moja. Doa la rangi au mshipa mweusi wa mti havilidhuru pigo hata chembe, na fimbo ya aina hiyo naiona halali kabisa kuuzwa kwa daraja la pili. Lakini iliyopinda, au ambayo kiungo chake cha katikati kimelegea, haifai kuuzwa kwa bei yoyote, kwani humzoesha kijana kurekebisha makosa yasiyo yake. Sheria ya Kumlinda Mlaji ya Afrika Kusini, namba 68 ya mwaka 2008, katika kifungu cha 55, humruhusu muuzaji kuuza bidhaa ikiwa katika hali maalumu endapo mnunuzi ameelezwa waziwazi na akaridhia waziwazi. Basi kuandika “daraja la pili” pekee hakutoshi; risiti na itaje kasoro yenyewe ni ipi, na ipo mahali gani.