Pete Isiyovuka Kifundo

UPEPO WA KUSI
Na Mwanasha Bakari

Siku ya Idi nilimkuta shangazi yangu kule Mwabungo akijipaka sabuni kidoleni, akihangaika kuivua pete ya harusi yake. Pete haikuvuka kifundo. Viungo vya karibu na kucha vimemwota vinundu vigumu kama kokwa za ukwaju. “Baridi yabisi hii, mwanangu,” akaniambia. “Uzee.”

Bintiye, aliyekuwa akikuna nazi pembeni, ana miaka 31. Naye vidole vimevimba. Naye ameambiwa ni baridi yabisi.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Jina moja tumelifanya kapu la kila maradhi ya viungo, na ndani ya kapu hilo wagonjwa wanapotea.

Vinundu vya shangazi ni vigumu, havina joto. Gegedu lililo kati ya mifupa limelika, na mfupa ukaota pembeni. Vinundu hivyo vina jina la daktari Mwingereza, William Heberden, ambaye kitabu chake kilichapwa 1802, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Hurithiwa, huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na kiungo kilichowahi kuumia au kutumikishwa sana huwa hatarini zaidi. Shangazi ameshona makuti tangu usichana wake: kunja jani juu ya ufito, kaza kamba, kunja tena. Gegedu halirudi, lakini maumivu hupunguzika. Mpini wa kisu uviringishiwe kitambaa unenepe, mikono ipumzishwe kabla haijalalamika, asubuhi ichovywe maji ya uvuguvugu.

Viungo vya bintiye ni laini na vina moto. Vimevimba kwenye vifundo vya ngumi, mikono yote miwili, na akiamka hawezi kukunja ngumi mpaka jua lipande. Huenda ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia utando wa viungo. Huo haungoji uzee, na ukiachwa hupinda vidole visinyooke tena. Una dawa, kama methotreksati, chini ya uangalizi wa daktari, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani. Sigara huuchochea. Tembe za maumivu za dukani hutuliza tu, na zikizoeleka huumiza tumbo na figo.

Au ni chikungunya. Neno hilo ni la Kimakonde, la kujikunja kwa maumivu. Ugonjwa ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika 1952, na mwaka 2004 ulitupiga Lamu na Mombasa. Homa huisha kwa siku chache, viungo vikabaki vinauma miezi. Mbu wake huuma mchana na hutaga penye maji yaliyotuama, hata ndani ya vifuu tunavyovitupa uani.

Kabla sijaondoka tulivikusanya vifuu vya shangazi, magunia mawili, tukavifukia. Jumatatu namchukua bintiye tupande matatu hadi hospitali ya Msambweni, apimwe damu.