Hali, Namna na Kiasi



Wengi wetu hapa Kipawa tumekwisha kupokea ule ujumbe wa matapeli, kwamba ile pesa itumwe kwenye namba hii. Aliyeibiwa akifika polisi, orodha ya simu za namba ile yaweza kuwa njia ya kumfikia mwizi. Kwa hiyo hatusemi kwamba dola isizione kamwe kumbukumbu za simu. Tunauliza: ni nani aruhusu, na kwa kipimo gani?

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 16, inalinda mawasiliano ya binafsi ya kila mtu. Kisha inaagiza sheria itaje hali, namna na kiasi ambacho faragha hiyo yaweza kuingiliwa. Maneno hayo matatu ndiyo ukuta wa nyumba zetu.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 ilimtaka polisi anayetaka kunasa mawasiliano apate kwanza ridhaa ya Mwanasheria Mkuu, kisha amri ya mahakama. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, ilimruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuamuru data zitolewe kwa upelelezi wa kosa la jinai. Hali ikatajwa, na namna ikatajwa. Kiasi je? Siku ngapi, na namba za nani? Kampuni ya Jamii Media ilikipinga kifungu hicho mwaka 2016. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikakiacha kisimame.

Atasema mtu: asiye na hatia ana hofu gani? Ndugu, orodha ya simu haibebi maneno, lakini yasema mengi. Yamtaja binti aliyepiga simu zahanati usiku, mjane aliyemtafuta wakili, mwenye dhamiri iliyolemewa aliyempigia padre wake. Siri ya kitubio haifunguliwi na yeyote. Lakini ajuaye kwamba hatua zake zinahesabiwa atasita hata kubisha hodi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliihesabu faragha miongoni mwa haki za binadamu. Basi tuwaombe wabunge wetu waandike kiasi, na wamweke hakimu mlangoni. Sheria ni msumeno: imkate tapeli, imkate pia mpelelezi avukaye mpaka.

Amani ya Kristo iwe nanyi.