Vijana Wetu Wapewe Chakula na Usingizi

Usiku wa giza ndio usiku wa dagaa. Mbalamwezi ikiisha, mitumbwi hutoka katika mialo ya Musoma na Bunda, taa huwashwa juu ya maji, na kazi huendelea hadi alfajiri. Hatuna ugomvi na kazi hiyo, iwalishayo watu wengi. Ugomvi wetu ni juu ya wavulana wa miaka 13 na 14 wanaokutwa humo mitumbwini, wakivuta nyavu saa ambayo miili yao ilipaswa kufanya kazi iliyo kubwa zaidi, yaani kazi ya kukua.

Wataalamu wa tiba watuambia kwamba chini ya ubongo ipo tezi ndogo, yenye ukubwa wa punje ya njegere, itoayo homoni ya kukuza mwili. Homoni hiyo hutoka kwa vipindi, na sehemu yake kubwa hutoka katika usingizi mzito wa mwanzo wa usiku. Kijana anapobalehe, homoni za ujana huichochea tezi hiyo, nayo hutoa kwa wingi kuliko ilivyotoa katika miaka ya utoto. Ndipo mifupa hurefuka upesi na misuli hujaa. Mvulana, katika mwaka wake wa kukua sana, aweza kuongezeka sentimita 9 au 10. Msichana humtangulia kwa miaka kama 2. Lakini homoni hizo hizo za ujana ndizo zifungazo hatimaye gegedu zilizo karibu na ncha za mifupa, na zikisha kufungwa, mfupa haurefuki tena.

Tena yafaa wazazi waelewe kwamba homoni hiyo haijengi mwili peke yake. Hupeleka amri kwa ini, nalo ini hutengeneza mjumbe mwingine aendaye mifupani. Mtoto anayeshinda na njaa siku nyingi, tezi yake hutoa homoni, pengine kuliko ya mtoto aliyeshiba, ila ini haliitikii. Amri yatolewa, vifaa havipo. Mwili wakataa kujenga, wajihifadhia uhai tu.

Kwa hiyo asitokee mtu wa kuwauzia wazazi sindano za kurefusha watoto. Mwaka 1958 daktari wa Marekani, Maurice Raben, alieleza jinsi homoni hiyo ilivyomkuza kijana aliyekuwa na upungufu wake, na tangu 1985 inayotengenezwa kwa ufundi wa maabara imeruhusiwa kutumika. Ni dawa ya mgonjwa wa tezi, chini ya daktari. Si dawa ya njaa.

Mwaka 1934 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama akiwa na miaka 12, akaingia Shule ya Mwisenge mjini Musoma, iliyokuwa ya bweni. Umri huo ndio mlango wa balehe. Leo wengi wa rika lile husoma shule za kutwa. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, chakula cha mchana kilibaki juu ya wazazi, na pale ambapo wazazi hawakuafikiana, mtoto ashinda na uji wa asubuhi, ikiwa aliupata. Uchunguzi wa taifa wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hao watafika balehe, na balehe yaweza kuwarudishia sehemu ya walichokosa, wakila.

Na chakula chenyewe kipo. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria husagwa kuwa chakula cha kuku. Kuku hao, twasikia, wakua vizuri sana.

Twazitaka kamati za shule katika Musoma, Bunda na Butiama ziitishe wazazi kabla ya mavuno, si baada ya ghala kuwa tupu, wapatane debe ngapi za mahindi au muhogo kila nyumba itatoa, na wavuvi watoe dagaa. Kuhusu mitumbwi, Sheria ya Ajira ya 2004 yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kumtia kazi ya hatari aliye chini ya 18. Kuvua ziwani usiku ni kazi ya hatari. Hilo halihitaji hakimu. Mwenye mtumbwi aliye mwanachama na aulizwe na tawi lake, mbele ya wenzake, nani huvuta nyavu zake.