MAJI YA MVUA YA DODOMA YANAKIMBIA

Kila mwaka, mwezi wa Desemba ukaribiapo, watu wa Dodoma hutazama mbinguni. Mvua ikichelewa tunalalamika. Mvua ikija, baada ya saa moja tunalalamika tena, maana barabara zimekuwa mito, maji yameingia majumbani kule Nkuhungu, na bajaji zimezimika katikati ya njia. Asubuhi yake jua linatoka, matope yanakauka, na akina mama wanapanga ndoo zao bombani kama jana. Mji ule ule, katika wiki ile ile, unalia kwa maji mengi na unalia kwa kukosa maji. Ndugu wasomaji, tumelizoea jambo hili, na kulizoea huko ndiko kunakotutia hofu sisi wa gazeti hili.

Hatusemi kwamba Dodoma ni nchi ya mvua. Ukame wa Ugogo haukuwa siri TANU ilipoamua, Oktoba 1973, kwamba makao makuu yahamie huku. Wazee wa Kigogo wanaisimulia mpaka leo njaa ya Mtunya, iliyowaua watu na ng'ombe mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Lakini twaomba kila msomaji afanye hesabu ndogo pamoja nasi. Dodoma hupata mvua ya kadiri ya milimita 570 kwa mwaka, karibu yote baina ya Desemba na Aprili. Paa la bati lenye mita za mraba 100 hupokea basi lita 57,000. Tuseme lita 12,000 zimepotea kwa kuruka nje ya mlizamu, kwa kukauka juu ya bati la moto, na kwa yale maji ya kwanza yanayoosha vumbi, ambayo hayafai kunywa. Zinabaki lita 45,000. Jamaa ya watu watano, kila mmoja akitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku, hutumia lita 36,500 kwa mwaka mzima. Ndoo moja haimtoshi mtu wa mjini, hilo twalijua. Lakini mtu anayenunua maji kwa ndoo anajua pia thamani ya ndoo hiyo moja.

Tatizo ni pa kuyaweka. Tangi la plastiki la lita 1,000, ambalo watu wengi huliona kuwa ni mali, hujazwa na mvua ya milimita kumi tu juu ya paa kama hilo, yaani mvua ya jioni moja. Yaliyobaki humwagika. Kutoka Mei mpaka mwisho wa Novemba ni siku 214, na jamaa ile yataka lita 21,400 ili ivuke. Hilo si tangi la kununua dukani na kulipakia kwenye guta. Ni birika la kuchimba na kujenga kwa saruji na nondo, na gharama yake mwananchi wa kawaida haiwezi peke yake. Ndiyo sababu hatukubali kuambiwa kwamba kuvuna mvua ni shauri la kila mtu na nyumba yake.

Tutazame majengo ya umma kwanza. Shule yenye madarasa manane, kila darasa mita saba kwa tisa, ina paa la mita za mraba 504. Maji yanayoliangukia kwa mwaka ni zaidi ya lita 280,000, na watoto wa shule hiyo huambiwa waje na chupa za maji kutoka nyumbani! Mwaka jana tulipita kwenye ofisi moja kubwa, ambayo hatutaitaja, mvua ikinyesha. Mbele, milizamu ilikuwa ikimwaga maji barabarani kwa kishindo. Nyuma ya jengo lile lile lilikuwa limesimama boza, linashusha maji. Tulicheka, kisha tukaona haya.

Sasa tuje kwenye jambo lililo kubwa zaidi ya mapaa. Mji huu kwa miaka mingi umekunywa maji ya visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Vina vya maji katika bonde hilo vimepimwa na kuandikwa tangu miaka ya 1950, na wataalamu waliozisoma kumbukumbu za miaka 55 walitangaza matokeo yao mwaka 2013. Waliyoyaona yanafaa kujulikana na kila diwani. Visima havijazwi na mvua ya kila mwaka. Hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa 1997 na 1998, maji yakashuka ardhini kwa wingi, visima vikapanda. Tena sehemu kubwa ya maji hayo hupenya kwenye mchanga wa makorongo, katika mito ya msimu kama Kinyasungwe Mdogo. Kwa maneno mengine, ile mvua tunayoiita balaa ndiyo inayotunywesha miaka inayofuata.

Nasi tunafanya nini na mvua hiyo? Tunaifukuza. Mwaka 2012 wilaya hii ilihesabiwa watu 410,956. Mwaka 2022 walikuwa 765,179. Watu hawa wamekuja na mapaa yao, lami yao na nyua zao zilizosakafiwa kwa vitofali. Kilometa moja ya mraba ya bati na lami hupokea meta za ujazo 570,000 kwa mwaka, na ardhi iliyokuwa ikiyanywa maji hayo imezibwa mdomo. Halafu tunachimba mitaro ya zege, na mtaro bora kwetu ni ule unaoyatoa maji upesi. Anayekaa juu anampelekea anayekaa chini. Maji ya Kinyasungwe hushuka mpaka Mkondoa na Wami, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi. Njiani huacha alama: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliivunja Reli ya Kati baina ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi.

Wapo watakaosema, basi tujenge mabwawa makubwa, shauri litakuwa limekwisha. Mabwawa yanatakiwa, hatukatai, na habari za bwawa la Farkwa tumezisikia miaka mingi. Lakini Dodoma imekwisha kujifunza somo moja la mabwawa kwa gharama kubwa. Wataalamu walipoyachunguza mabonde manne ya huku, miongoni mwao Ikowa na Msalatu, taarifa yao ya mwaka 1972 ilionyesha kwamba mabwawa yalikuwa yakijaa udongo kwa kasi ya kutisha. Maji yanayokimbia huja na ardhi. Ukiyapunguza mwendo huko juu, kwenye ua, kwenye uwanja wa shule, kwenye korongo dogo, umelilinda na bwawa lililo chini.

Wengine watatwambia habari za mbu, na za uchafu wa mapaa. Ni hoja za haki. Tangi hufunikwa, mdomo wake ukawekwa wavu. Maji ya kwanza ya msimu hutolewa. Ya kunywa huchemshwa. Maji ya barabarani yenye mafuta ya magari hayafai kunywa hata kidogo, lakini mizabibu na miti ya kivuli haiulizi. Wenzetu wa Kitui na Makueni, nchini Kenya, wanayageuza maji ya barabara kuingia mashambani, na huzuia mchanga kwenye mito ya msimu ili maji yakae ndani yake. Mgogo hashangai kusikia hayo. Tangu zamani amechimba mchanga wa korongo kiangazi akapata maji. Na huko Marekani, mji wa Tucson, wenye mvua pungufu kuliko yetu, ulipitisha sheria mwaka 2008 kwamba majengo mapya ya biashara yapate nusu ya maji ya bustani zao kutokana na mvua.

Kwa hiyo twataka mambo haya, na twayataka kwa sauti kubwa. Ramani ya jengo lolote jipya la umma lisilo na birika irudishwe kwa mwenyewe, hata akiwa ni wizara. Mji wa Serikali wa Mtumba uwe wa kwanza kukaguliwa, maana haifai mjumbe wa nyumba kumi akaulizwa kabla ya katibu mkuu. Mwenye nyumba za kupanga alazimishwe kuweka milizamu na tangi, kwa kuwa mpangaji hawezi kujenga birika kwenye ua usio wake. Wanaochora mitaro waulizwe ni maji kiasi gani yatashuka ardhini kabla ya kufika korongoni. Na sehemu zile ambako makorongo huyanywa maji zisipimwe viwanja, liwalo na liwe. Hapa ndipo patakapokuwa na ugomvi, maana viwanja ni fedha. Diwani atakayesimama upande wa mchanga atakuwa na gazeti hili nyuma yake.

Fedha je? Kila mwaka wa mvua kubwa tunatafuta fedha za kuziba barabara zilizochimbika na za kuwahamisha waliofurikiwa. Twaanzie hapo. Shule zianze kwa nguvu za wazazi: mchanga na mawe tunavyo, saruji na fundi vitoke halmashauri.

Desemba haiko mbali. Wasomaji wa Makole, Chang'ombe, Kizota, Nzuguni na kwingineko, mvua ya kwanza ikinyesha tokeni mtazame majengo ya umma ya mtaani kwenu. Tuandikieni lipi lina milizamu na birika, na lipi linamwaga maji barabarani. Tutazichapa barua zenu kadiri nafasi itakavyoruhusu, na nakala zake tutazipeleka wenyewe kwa Mkurugenzi wa Jiji.