MAZUNGUMZO NA BWANA SHAMBA: Meli Iliyopakwa Grisi

Ndugu msomaji,

Mihogo inaendelea vizuri. Mbuzi wa jirani bado wanaingia katika bustani yangu, lakini hayo tutayazungumza siku nyingine. Leo nataka tuzungumze juu ya ziwa, juu ya injini, na juu ya vita vya zamani. Usishangae. Soma polepole mpaka mwisho. Utaona kwamba mambo haya matatu ni jambo moja.

Mbalamwezi mwaloni

Juzi jioni nilitembea mpaka mwaloni. Mbalamwezi ilikuwa kubwa. Wewe unayekaa ufukweni unajua maana yake. Mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi wa dagaa hupumzika. Dagaa hufuata mwanga wa taa. Usiku wa giza taa huwaita, nao hukusanyika chini ya mitumbwi. Lakini mwezi ukiwaka, ziwa lote lina mwanga, kwa hiyo taa haiwaiti tena.

Basi nilikuta watu wamekaa. Vijana walikuwa wanashona nyavu. Akina mama walikuwa wanapepeta dagaa wa mwisho. Mzee mmoja alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bwana Shamba. Je, injini yenu imepona?"

Vijana wakacheka. Mimi nilitazama chini. Maana habari ya injini yetu inajulikana mwalo mzima. Nitakueleza, ndugu msomaji, ingawa ni aibu yangu.

Aibu yangu

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti. Sababu tulielezwa. Samaki walikuwa wamepungua. Ziwa hili ni la nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Nchi zote nne zilikuwa zimeona hatari, zikakubaliana kwamba samaki wapewe nafasi ya kuzaliana na kukua.

Mimi nina shemeji yangu, mume wa dada yangu. Yeye ni mvuvi. Tulichanga fedha tukanunua injini ya kupachika kwenye mtumbwi. Ziwa lilipofungwa, tuliitoa injini tukailaza chini, katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Tuliifunika kwa nailoni. Petroli tuliiacha ndani. Tukasema, "Miezi mitatu si mingi."

Mimi ni Bwana Shamba. Kila mwaka nawafundisha watu namna ya kuhifadhi mbegu. Nawaambia wakaushe, wasafishe, waweke juu ya uchaga, wakague mara kwa mara. Lakini injini yangu mwenyewe sikuikagua hata siku moja.

Katikati ya Agosti ziwa likafunguliwa. Mwezi ulikuwa mkubwa, tukasubiri giza. Tulikuwa na siku nyingi za kuijaribu injini. Hatukuijaribu. Usiku wa giza ulipofika, mitumbwi yote ikajipanga kuondoka. Shemeji akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Wenzetu wakaondoka na taa zao. Sisi tukabaki ufukweni tukizitazama taa zile mbali, kama nyota zilizoanguka majini.

Fundi alipoifungua, alitikisa kichwa. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi. Maji ya jasho la nailoni yaliingia ndani, na chuma kilishika kutu. Tulilipa matengenezo kwa fedha tulizoziweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ya dada yangu. Mvua za mwaka ule dada na watoto walizipitisha chini ya turubai. Dada hakugomba. Alisema neno moja tu: "Nyinyi mliiweka injini, hamkuitunza."

Wazee walisema, akiba haiozi. Injini yetu ilikuwa akiba, nayo iliharibika. Nadhani wazee walikuwa wanasema juu ya akiba iliyotunzwa.

Habari ya mzee

Vijana walipomaliza kucheka, mzee aliuliza, "Nyinyi mnajua kwamba meli ya Liemba ilikaa chini ya maji miaka mingi, na injini zake hazikufa?"

Wengi tulijua kwamba Liemba ni ya zamani. Lakini habari yenyewe hatukuijua vizuri. Mzee akaanza kusimulia, nami nikaja kusoma zaidi vitabuni. Habari yenyewe ni hii.

Zamani nchi yetu ilitawaliwa na Wajerumani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo vita kuu ikaanza Ulaya. Wajerumani walipigana na Waingereza, Wafaransa na Wabelgiji. Wabelgiji walitawala Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Basi vita vya Ulaya vikafika mpaka hapa kwetu. Watu wa hapa hawakuulizwa kama wanavitaka.

Wajerumani walikuwa wameunda meli kubwa kwao, katika mji wa Papenburg. Waliifungua vipande vipande, wakaitia katika masanduku kama 5,000. Masanduku yalikuja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa treni mpaka Kigoma. Hapa meli iliungwa tena, ikashushwa majini tarehe 5 Februari, 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Huyo Götzen alikuwa gavana wakati Vita vya Maji Maji vilipoanza, mwaka 1905. Meli ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi. Hesabu hatua kubwa 70 hapo ulipo, utaona ukubwa wake.

Waingereza nao walileta mashua mbili ndogo zenye injini. Moja iliitwa Mimi, na nyingine Toutou. Hapa vijana walicheka tena. Lakini jina hilo si "mimi" ya Kiswahili. Ni Kifaransa cha mitaani, majina ya paka na mbwa. Mashua hizo zilitoka Uingereza mpaka Afrika Kusini, kisha zikapita nchi kavu mpaka Kongo. Watu walikata miti, wakatengeneza madaraja, wakazivusha milimani. Tarehe 26 Desemba, 1915, mashua hizo ziliiteka meli ndogo ya Wajerumani iliyoitwa Kingani. Tarehe 9 Februari, 1916, Wajerumani walipoteza meli ya pili, Hedwig von Wissmann. Ilizamishwa.

Ikabaki ile kubwa. Ndege za Wabelgiji zikaja kushambulia bandari ya Kigoma. Askari wa Wabelgiji nao walikuwa wanakaribia kwa nchi kavu. Wajerumani waliona hawataweza kuilinda Kigoma. Hawakutaka meli yao ichukuliwe na adui. Basi wakaamua kuizamisha wenyewe. Ilikuwa tarehe 26 Julai, 1916.

Sasa sikiliza vizuri, ndugu msomaji. Kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Walipaka kila mahali ambapo maji yangeweza kula chuma. Kisha wakaizamisha meli si mbali na Kigoma. Walikuwa wanakimbia vita, lakini walipata muda wa kupaka grisi. Walitumaini kwamba siku moja watairudia.

Hawakurudi kuichukua. Wabelgiji waliitawala Kigoma mpaka mwaka 1921. Waliiinua meli, lakini ikazama tena. Kisha Waingereza wakaja kutawala. Mwaka 1924 waliiinua. Wakafungua injini, wakakuta bado zinafaa. Mwaka 1927 meli ikaanza safari tena, ikiitwa Liemba. Hilo ni jina la zamani la ziwa letu upande wa kusini. Injini zile za mvuke zilifanya kazi mpaka miaka ya 1970, ndipo zikawekwa za dizeli.

"Miaka mingi chini ya maji," mzee alisema. "Na nyinyi, Bwana Shamba, miezi mitatu tu katika kibanda!"

Safari hii hata mimi nilicheka.

Wasioandikwa majina

Lakini mzee hakuishia hapo. Alisema kwamba vitabu vimeandika majina ya maofisa na mafundi wa Kizungu. Hawakuandika majina ya watu wetu waliobeba masanduku na kuni, wala ya wapagazi waliobeba risasi na chakula porini. Wapagazi wengi walikufa katika vita ile. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na njaa na magonjwa. Ukienda Dar es Salaam utaona Kariakoo. Jina hilo limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Tunapoisifu grisi ya mafundi, tusiwasahau watu hao. Chuma kilitunzwa kuliko watu.

Na meli iliyoletwa kwa ajili ya vita, baadaye ilifanya kazi ya amani. Mwaka 1997 iliwarudisha nyumbani wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Mwezi wa Mei, 2015, iliwachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga, ikawaleta Kigoma. Wengi wetu tuliwaona wakishuka na watoto mgongoni. Kama injini zile zingekufa majini mwaka 1916, nani angeisumbukia meli hiyo kuiinua?

Ziwa nalo lina grisi yake

Sasa turudi kwenye ziwa. Kulifunga ziwa ni kama kuiweka meli. Lakini kufunga peke yake hakutoshi. Ziwa linahitaji grisi yake.

Grisi ya ziwa ni nini? Ni kuacha kokoro. Kokoro linavutwa karibu na ufukwe, nako ndiko wanakokaa samaki wachanga. Ni kuacha nyavu zenye macho madogo mno. Ni kutomwaga takataka na petroli majini. Dagaa hukua haraka, na maisha yake ni mafupi. Kwa hiyo akiachwa kidogo anaongezeka. Akivuliwa mchanga, hakuna wa kuzaa. Tukifunga ziwa miezi mitatu, kisha tukaingia na makokoro siku ya kwanza, tumefanya kama mimi na shemeji. Tumeweka, hatukutunza.

Namna ya kuweka injini

Ziwa likifungwa, au mvuvi akisafiri, afanye hivi:

1. Aisafishe injini kwa maji safi, aikaushe.

2. Aitoe petroli yote katika tangi na katika kabureta. Afanye hivyo mbali na moto na sigara.

3. Afungue plagi, atie oili kidogo, avute kamba polepole mara chache ili oili ienee. Kisha airudishe plagi.

4. Apake grisi kwenye shafti ya pangaboi.

5. Aisimamishe injini juu ya mbao, mahali pakavu. Aifunike kwa kitambaa. Nailoni iliyokazwa huleta jasho.

6. Kila mwezi aikague, avute kamba mara mbili tatu.

Nyavu zioshwe, zianikwe kivulini, maana jua kali hudhoofisha nyuzi. Matundu yashonwe. Kisha zitundikwe juu, mbali na panya. Taa za sola zisiwekwe zikiwa zimekwisha chaji.

Nanyi akina mama mnaokausha dagaa, mna grisi yenu pia. Ni kichanja. Dagaa aliyeanikwa juu ya kichanja hana mchanga, hukauka pande zote, na bei yake ni nzuri. Akishakauka kabisa, mtie katika gunia safi, na gunia liwe juu ya mbao. Ukifanya hivyo, miezi ya kufungwa itakukuta una kitu cha kuuza.

Na miezi hiyo ni ya kiangazi. Mwenye sehemu katika bonde la Luiche anaweza kulima mchicha, nyanya na vitunguu. Mvuvi mwenye jembe hafi njaa. Akitaka msaada, na aje kwangu. Kazi yangu ni hiyo.

Mwisho

Mwaka huu mimi na shemeji tuna kopo la grisi. Limekaa juu ya rafu, karibu na mbegu za mahindi. Nyumba ya dada sasa ina mabati upande mmoja. Upande wa pili tunaendelea kuchanga. Dada ameniambia kwamba kila mwisho wa mwezi atakuja mwenyewe kuikagua injini. Nimemwambia, karibu.

Zungumzeni mambo haya katika darasa lenu au nyumbani:

Kwa nini mafundi walipaka grisi kabla ya kuizamisha meli?

Je, katika kijiji chenu ni kitu gani kimewekwa bila kutunzwa?

Nani atakitunza, na ataanza lini?

Tukutane mwezi ujao, ndugu msomaji. Kazi njema.

Wako,
Bwana Shamba, Buzebazeba