KAMBA HUKATIKIA PABOVU

Wazee walinena ya kuwa kamba hukatikia pabovu. Maneno hayo ni machache, lakini uhai wa mtu umo ndani yake, maana mahali pabovu mara nyingi hapaonekani mpaka siku ya msiba.

Katika nchi ya majani ya chai, kama vile Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira katika njia itokayo Sotik kwenda Kisii, kuna visima vichimbwavyo kwa mikono. Mchimbaji hushuka shimoni kwa kamba iliyofungwa juu kwenye mti au gogo, na kwa kamba hiyo hiyo hupanda jioni. Kazi ikikawia, kamba huachwa pale pale kwa majuma mengi. Asubuhi jua kali huichoma. Alasiri mvua huinyea, pengine mvua ya mawe, ambayo Kericho na jirani zake huijua sana. Mwenye kisima huiona kuwa ni kamba ile ile aliyoifunga. Kumbe sivyo.

Kamba ya katani hunywa maji. Ikikaa mbichi, kuvu huingia ndani na kuzila nyuzi, hata nje ikionekana nzima. Nailoni, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1935, haiozi upesi namna hiyo; lakini ikilowa nguvu zake hupungua mpaka ikauke, na jua huidhoofisha polepole. Zile kamba za plastiki za rangi ya buluu au manjano hazijali maji, bali jua huziharibu upesi zaidi: rangi hupauka, nazo huacha unga mkononi.

Tena kuna kusuguliwa. Kamba iliyofungwa mahali pamoja husuguliwa mahali pamoja, yaani kwenye mdomo wa kisima au kwenye gogo. Matope yakikauka, mchanga hubaki kati ya nyuzi na kuzikata kama msumeno kila kamba ivutwapo. Fundo nalo hupunguza nguvu za kamba, pengine hata theluthi moja au zaidi, na chini yake unyevu hukawia kukauka.

Jambo hili si la visima tu. Katika milima ya Rwenzori, penye kilele cha Margherita chenye urefu wa mita 5,109, zimefungwa kamba ili wapandaji wazishike penye miamba na barafu. Huko usiku ni baridi ya kugandisha maji, na mchana jua la juu ni kali kuliko la bondeni. Mpandaji huikuta kamba iliyofungwa na mtu mwingine, siku asiyoijua. Kiongozi mwenye busara huitazama kwanza, ndipo huwaruhusu watu kuitegemea. Mchimba kisima naye yafaa afanye vivyo hivyo.

Basi, kabla ya mtu kushuka, kamba ifunguliwe na kupitishwa mkononi yote, tangu mwanzo hata mwisho. Penye wembamba, ugumu au nyuzi zilizokatika, pashukiwe. Misokoto ifumuliwe kidogo: ikiwa ndani mna vumbi, weusi au harufu ya uvundo, kamba hiyo imekwisha. Jioni ikaushwe kivulini na kuwekwa ndani, mbali na panya na maji ya betri, kwa maana tindikali huiua nailoni.

Wengi hufikiri ya kuwa kamba iliyoinua ndoo ya mawe jana itamwinua mtu leo. Hilo ni kosa. Mtu akiteleza hatua moja tu, kamba hushtuliwa kwa nguvu nyingi kupita uzito wake, na hapo ndipo pabovu hujulikana.

Kamba iliyoshukiwa isirudishwe kisimani. Ikatwe vipande vifupi, ifungie kuni au ndama, ili asije mtu mwingine akaiokota na kuishukia. Kamba mpya hugharimu fedha, na fedha hutafutwa. Lakini aliye chini ya kisima hana wa kumtumaini ila yule aliyeikagua kamba asubuhi.